Kupaka Rangi Upya Vipande vya Ndani vya Gari la Zamani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Rangi iliyopakwa vibaya kwenye kipande cha ndani cha gari la zamani aghalabu hupendeza kwa wiki chache. Kisha siku moja gari likiwa limeegeshwa juani, ukucha unagusa ukingo wa kipande na rangi inabanduka kama utando, na chini yake plastiki inaonekana vilevile ilivyokuwa, utadhani haijawahi kuguswa na mtu. Mwenye gari hulaumu rangi, lakini mara nyingi rangi haina kosa. Kosa ni kwamba kipande hakikutambuliwa kimetengenezwa kwa nini, au hakikuoshwa ipasavyo, au kilipigwa msasa mahali ambapo msasa haukustahili kufika. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayofanywa kabla kopo la rangi halijatikiswa, na msomaji anayetamani kurukia upulizaji ajue mapema kwamba huko ndiko kwenye kazi ndogo.

Vipande vinavyohusika ni vile vigumu au nusu vigumu vinavyofunika bodi kwa ndani: fremu za geji, kifuniko cha droo ya dashibodi, konsoli ya kati, vifuniko vya shina la usukani, vifuniko vya nguzo za vioo, vishikio na viegemeo vya mkono vya milangoni, pamoja na dashibodi yenyewe pale inapokuwa ya bati. Viti, zulia na kitambaa cha darini vina taratibu zake na havimo humu.

Kujua kipande ni cha nini

Umri wa gari hutoa dokezo la kwanza. Bakelaiti, ile plastiki ngumu na nzito iliyovumbuliwa na Leo Baekeland mwaka 1907, hupatikana kwenye vifundo, swichi na vishikio vya magari ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na miaka iliyofuata. Magari kama Volkswagen Beetle na Morris Minor ya miaka ya 1950 yana dashibodi ya bati lililopakwa rangi, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kazi ya chuma. Polipropilini haikuanza kuzalishwa kibiashara hadi mwaka 1957. Gari lililotoka kiwandani kabla ya hapo haliwezi kuwa na kipande chake cha asili cha plastiki hiyo. Katika magari ya miaka ya 1960 na kuendelea utakutana zaidi na ABS, aina ya plastiki ambayo ni ngumu na hutoa mlio mkavu ikigongwa kwa kidole, pamoja na vinili laini iliyotandazwa juu ya sponji.

Vipande vya magari ya karibuni zaidi huwa vimepigwa chapa kwa nyuma, herufi kama ABS au PP (yaani polipropilini) zikiwa kati ya alama mbili zenye ncha. Pasipo chapa, kata kibanzi kidogo kwenye ukingo usioonekana ukitumbukize ndani ya maji yaliyotiwa tone la sabuni. Polipropilini ina msongamano wa takriban gramu 0.9 kwa sentimita moja ya ujazo, hivyo huelea, ilhali ABS, yenye takriban 1.05, huzama. Jaribio hili lina mpaka wake: viwanda huchanganya polipropilini na unga wa talki ili kuikaza, na mchanganyiko huo unaweza kuzama. Kuelea kwa kibanzi, basi, ni ushahidi mzuri, ila kuzama peke yake hakutoshi. Kamilisha kwa kugusisha pamba yenye asetoni mgongoni mwa kipande. ABS hunata na kuacha alama ya rangi yake kwenye pamba, polipropilini haijali, na bakelaiti nayo haijali, lakini hiyo utaitambua kwa uzito na ugumu wake.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua kila kitu kinachofuata. ABS hupokea rangi kwa urahisi kwa sababu viyeyushi vya rangi huilainisha kidogo juu na kushikamana nayo. Polipropilini huikataa rangi kama nta inavyokataa maji, na bila dawa maalumu ya kushikisha rangi kwenye plastiki, hata rangi bora kabisa hubaki juu yake kama gamba lililotuama. Vinili laini ina kilainishi ndani yake ambacho hupanda juu polepole kwa miaka. Rangi ya kawaida ikipakwa hapo huweza kubaki inanata kwa miezi, na pale inapokauka ikawa ngumu hupasuka kila ngozi ya vinili inapojikunja. Vinili hupakwa rangi yake maalumu inayonyumbuka, basi.

Kipande chochote kinachofunika mfuko wa hewa wa usalama kisipakwe rangi kabisa. Kifuniko hicho kimeundwa kupasuka kwenye mistari maalumu kwa muda mfupi mno, na tabaka lililoongezwa huweza kubadilisha namna kinavyopasuka. Vivyo hivyo, rangi na viyeyushi visiufikie mkanda wa kiti, kwa kuwa nyuzi zake huweza kudhoofika pasipo kuonekana.

Kuvitoa bila kuvivunja

Tenganisha betri kwanza, hasa unapoelekea kugusa swichi, geji au redio. Kisha piga picha za kila upande kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, na nyingine kila unapotoa kipande kinachofichua kingine. Skrubu za ndani ya gari hufanana kwa vichwa na kutofautiana kwa urefu, na ile ndefu ikirudishwa mahali pa fupi hutokeza upande wa pili au hutoboa waya. Tia skrubu na klipu za kila kipande kwenye mfuko wake na uandike kwenye mfuko, wala usiiamini kumbukumbu. Kazi ya siku mbili huwa ya wiki sita bila mtu kukusudia.

Plastiki ya miaka 40 au 50 iliyokaa juani imepoteza unyumbufu wake na huvunjika kwenye masikio ya klipu kabla ya mahali pengine popote. Ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika kadhaa mpaka iwe vuguvugu mkononi, kisha tumia kikwanguo cha plastiki, si bisibisi, ukisukuma karibu kabisa na klipu badala ya kuvuta ukingo ulio mbali nayo. Ukisikia mlio wa kukatika, simama utafute skrubu uliyoisahau. Karibu kila mara ipo, imejificha chini ya kizibo kidogo au nyuma ya kisahani cha majivu.

Wakati vipande vikiwa bado na uchafu wake, tafuta mahali ambapo jua halikufika: nyuma ya kisahani cha majivu, chini ya ukingo wa kiegemeo cha mkono, ndani ya mfereji uliofunikwa na mpira wa mlango. Hapo ndipo rangi ya asili ya kiwandani ilipohifadhiwa. Usipaoshe kwa nguvu wala kupapiga msasa, patahitajika baadaye.

Kuosha, kisha kuosha tena

Adui mkuu wa rangi ndani ya gari la zamani ni mapenzi ya wamiliki waliotangulia. Kwa miongo kadhaa wamekuwa wakiipaka dashibodi mafuta ya kung'arishia, na mengi ya mafuta hayo yana silikoni, ambayo haiyeyuki katika maji, hujificha ndani ya nakshi ya plastiki, na husambazwa na kila kitambaa kinachoigusa. Niliwahi kupuliza konsoli ya kati ambayo nilikuwa nimeisugua kwa sabuni mara mbili na kuridhika nayo. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, ulitua vizuri. Kabla sijafika mwisho wa kipande, vitundu vya mviringo vilianza kufunguka mahali nilipoanzia, kila kimoja na ukingo wake ulioinuka, kana kwamba rangi ilikuwa ikikimbia kitu. Nilichokosea ni mpangilio, kwa kuwa nilipiga msasa kabla ya kuondoa silikoni na hivyo nikaisugua ikaingia ndani ya mikwaruzo.

Mpangilio sahihi huanza na maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, na mswaki mgumu kiasi unaosuguliwa kwa mizunguko ili nywele zake ziingie kwenye mabonde ya nakshi. Suuza, kausha, kisha rudia. Baada ya hapo futa kwa dawa ya kuondoa nta na mafuta inayouzwa kwa mafundi rangi, ukitumia vitambaa viwili visivyotoa nyuzi: cha kwanza kikiwa kimelowa, kwa ajili ya kuyeyusha, na cha pili kikiwa kikavu, kwa ajili ya kunyanyua kilichoyeyushwa kabla hakijakauka tena. Anayetumia kitambaa kimoja tu anahamisha silikoni kutoka upande huu kwenda ule. Geuza kitambaa kila mara, na ukitupe kinapochafuka. Kwa ABS, jaribu dawa hiyo nyuma ya kipande kwanza, kwa sababu baadhi ni kali. Alkoholi ya isopropili ni mbadala mpole kwa ufutaji wa mwisho.

Namna ya kujua kama umefanikiwa ni kunyunyizia maji safi. Kwenye ABS iliyokwisha kupigwa msasa mwepesi (hatua inayofuata) na kwenye chuma, maji yanapaswa kutanda kama karatasi. Yakijikusanya kuwa matone mahali fulani, mahali hapo bado pana mafuta. Polipropilini huyakusanya maji kuwa matone hata ikiwa safi, hivyo isikukatishe tamaa. Kuanzia hapa vaa glavu safi, kwa kuwa mafuta ya vidole yanatosha kuharibu kazi yote hii.

Nyufa, mashimo na msasa

Ufa kwenye ABS huzibwa vizuri kwa ABS yenyewe. Kata vibanzi kutoka kwenye kipande chakavu cha plastiki hiyohiyo, vitie kwenye chupa ndogo ya kioo pamoja na asetoni, funga, na uache usiku mzima mpaka upate ute mzito kama uji wa mgonjwa. Panua ufa kwa nyuma uwe na umbo la bonde, upake ute huo kwa tabaka jembamba, na uipe kila tabaka saa kadhaa, kwa sababu tabaka nene hufunika asetoni ndani yake na kulainisha ukuta wa kipande mpaka kikapinda. Ufa mrefu uimarishwe kwa nyuma kwa wavu wa nyuzi za kioo na gundi ya epoksi. Polipropilini haishikwi na gundi nyingi za kawaida. Ama iunganishwe kwa joto na fundi mwenye zana za kuchomelea plastiki, ama kitafutwe kipande kingine. Vinili iliyopasuka juu ya sponji, kama ilivyo kawaida ya dashibodi zilizokaa juani, haiponywi na rangi: mstari wa ufa utafunguka tena joto likipanda, na pesa ya kopo itakuwa imepotea.

Kama kipande kimewahi kupakwa rangi, amua iwapo tabaka la zamani litabaki. Lililoshika imara linaweza kuachwa na kupigwa msasa. Lililoanza kubambuka liondolewe lote. Dawa za kubabua rangi zisitumike kwenye ABS, kwani nyingi huiyeyusha pamoja na rangi. Kwa rangi za zamani za chuma, hasa za njano, nyekundu na machungwa, chukulia kwamba huenda zina risasi ndani yake, hivyo usizipige msasa mkavu. Tumia maji, vaa barakoa ya chembechembe, na ukusanye tope lake badala ya kuliacha likauke sakafuni.

Sasa msasa, ambapo uamuzi wa fundi unaonekana kuliko mahali pengine popote. Uso uliokuwa laini tangu kiwandani, kama fremu ya geji au mshipi wa mlango, hupigwa msasa wa maji namba 400 kisha 600 mpaka mng'ao wote utoweke. Uso wenye nakshi ya kuiga ngozi hauguswi na karatasi ya msasa hata kidogo. Nakshi hiyo ina vilele na mabonde, na karatasi hukata vilele peke yake. Baada ya dakika moja utakuwa na bapa linalong'aa katikati ya ngozi, na hakuna rangi itakayolirudisha. Tumia pedi ya kijivu ya kusugulia, ile isiyo karatasi, pamoja na maji na sabuni kidogo, ukisugua kwa mkono mwepesi mpaka mabonde nayo yapoteze mng'ao. Uelekeze mwanga wa tochi ubavuni mwa kipande: penye mng'ao uliobaki patajionyesha, na hapo ndipo rangi ingeanzia kubanduka.

Pale ufa ulipozibwa kwenye uso wenye nakshi patabaki bapa, na sioni sababu ya kulificha hilo. Baadhi ya mafundi hupuliza rangi ya vinundu ya kurudishia nakshi kutoka mbali ili matone yatue yakiwa nusu makavu. Huficha kwa kiasi, hasa kwenye nakshi nyembamba, lakini jicho linalojua pa kutazama litaona.

Kupata rangi yenyewe

Kibati cha namba kilicho kwenye chumba cha injini au mwimo wa mlango mara nyingi kina namba ya rangi ya nje, na katika magari mengi namba ya ndani ni nyingine kabisa, ikihusu vitambaa na plastiki kwa pamoja. Namba hiyo ni mwanzo mzuri, lakini vipande ulivyonavyo vimebadilika. Rangi za bluu na nyekundu hufifia, nyeupe na krimu hugeuka njano, nyeusi huelekea kijivu. Ukipaka kifuniko kimoja rangi halisi ya kiwandani na kukirudisha kati ya jirani zake waliochujuka, kitaonekana kama jino jipya mdomoni. Ama upake vipande vyote vinavyopakana, ama uchanganyishiwe rangi inayolingana na hali ya sasa. Binafsi huchagua njia ya kwanza, kwa sababu vipande vilivyobaki vitaendelea kuchujuka kwa kasi tofauti na kile kipya.

Chukua kile kipande chenye pembe isiyofikiwa na jua ukipeleke kwa mchanganyaji wa rangi. Ulinganishaji ufanyike mchana nje, kisha tena ndani ya gari milango ikiwa imefungwa, kwa kuwa rangi mbili zinazofanana chini ya taa ya dukani huweza kutengana mara zinapoingia kwenye kivuli cha gari. Rangi pia huwa nyeusi kiasi inapokauka, na hubadilika kidogo kulingana na mng'ao.

Mng'ao wenyewe ni nusu ya kazi, na ndio unaokosewa zaidi. Upande wa juu wa dashibodi lazima uwe mfu kabisa, bila kung'aa, kwa sababu kila mng'ao hapo hujirudia kwenye kioo cha mbele na kumchosha dereva. Konsoli na vifuniko vya milango kwa kawaida vilikuwa na mng'ao hafifu. Lakini dashibodi za bati za miaka ya 1950 nyingi zilipakwa rangi ya nje yenye kung'aa, na kuzifanya hafifu kwa kufuata mazoea ya magari ya baadaye ni kuziharibia sura. Tazama pembe ileile iliyofichika. Inaonyesha mng'ao pia.

Zingatia vilevile jamii ya rangi. Rangi za laka, yaani za akriliki na selulosi zinazokauka kwa viyeyushi kuondoka, zina viyeyushi vikali vinavyoweza kukunjamanisha rangi ya enameli iliyo chini yake. Futa rangi ya zamani kwa kitambaa chenye thina ya laka: ikiyeyuka na kupaka kitambaa, ni laka, ikikunjamana au kukaa imara, usiipulizie laka moja kwa moja bila praima (rangi ya msingi) ya kuitenganisha. Rangi na klia (tabaka la juu linaloonyesha) za kuchanganywa na kigumishi cha isosayanati ni imara sana, ila mvuke wake huweza kusababisha pumu ya kudumu, na barakoa ya kawaida haitoshi. Hizo ni za chumba cha kupulizia na kifaa kinachomletea fundi hewa kutoka nje. Kwa vipande vya ndani, visivyopigwa na mvua wala kokoto, rangi ya akriliki ya kopo inatosha, na hata hiyo itumike mahali penye hewa ya kutosha, kwa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa viyeyushi.

Kupuliza

Kwanza puliza kipande cha majaribio: kipande chakavu cha plastiki ileile kilichoandaliwa vilevile. Kikikauka siku nzima, chora juu yake kwa wembe mistari 6 iliyosimama na 6 iliyolala, bandika tepu inayonata sana, kisha ivute kwa mkupuo mmoja. Viraba vikibaki vyote, endelea. Vikiondoka na tepu, kuna hatua ya nyuma iliyokosewa, na afadhali kugundua sasa.

Chagua siku kavu yenye joto la nyuzi 18 hadi 25 za Selsiasi. Unyevu mwingi hewani hufanya laka ipate ukungu mweupe. Lowesha sakafu ili vumbi litulie, subiri nusu saa, na usivae sweta la manyoya. Tumbukiza kopo kwenye maji ya uvuguvugu, kamwe si ya moto, kwa dakika 10; shinikizo lake huongezeka na matone hutoka madogo zaidi. Litikise kwa dakika 2 nzima baada ya gololi iliyo ndani yake kuanza kusikika.

Kwa polipropilini, dawa ya kushikisha huja kwanza, mikono miwili myembamba, na rangi inayofuata hupulizwa ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Nyingi kati yake hupoteza nguvu zikiachwa zikauke mno. ABS safi yenye nakshi mara nyingi haihitaji praima. Praima nene ya kujazia, ile inayosifiwa kwa kuficha mikwaruzo, huficha nakshi pia, basi ibaki kwa chuma na nyuso laini peke yake.

Umbali kati ya kopo na kipande uwe sentimita 20 hadi 25. Anza kubonyeza kabla hujafika kwenye kipande na uachie baada ya kukipita, mkono ukisafiri sambamba na uso wala si kwa kuzungusha kifundo, na kila mpito ufunike nusu ya ule uliotangulia. Kingo na mashimo yapulizwe kwanza, ndipo uso mpana. Mkono wa kwanza usifunike: uwe ukungu tu, kiasi cha kuona rangi ya zamani ikichungulia. Wenye papara hushindwa hapa, kwa kuwa mkono mzito wa kwanza ndio unaochuruzika na kujaza mabonde ya nakshi. Acha dakika 10, kisha mkono wa pili, na wa tatu, na ikibidi wa nne, yote myembamba. Kwenye nakshi badilisha upande unaopuliza kila mkono, kwa sababu vilele huweka kivuli na mabonde ya upande mmoja hubaki na rangi ya zamani, jambo ambalo hulioni mpaka uingie garini na kuketi.

Rangi ikichuruzika, usiiguse. Iache ikauke siku mbili, ipige msasa wa maji namba 600, na upulize tena. Kidole hugeuza mchirizi mmoja kuwa kidonda. Kikitua kidudu, nacho kiache mpaka rangi ikauke. Soma pia muda wa kurudia ulioandikwa kwenye kopo: baadhi ya enameli hutaka mkono unaofuata ndani ya saa moja au baada ya saa 24 na zaidi, na anayepuliza katikati ya muda huo hupata mikunjo.

Dashibodi ya bati hufuata njia yake: kutu iondolewe mpaka chuma cheupe, praima ya epoksi ipakwe siku hiyohiyo kabla kutu mpya haijaanza, kisha praima ya kujazia, msasa wa maji namba 600 na rangi ya juu. Kinachotofautiana na kazi ya nje ni matundu mengi ya geji na swichi, ambayo kingo zake zisipate rangi nene, maana geji zitakataa kuingia.

Swichi na vifundo vyenye alama zilizochongwa vinastahili dakika za ziada. Baada ya rangi ya laka kukauka wiki nzima, jaza mchoro kwa rangi nyeupe ya enameli kwa ncha ya kijiti. Subiri dakika chache ianze kushika, kisha funga kitambaa kikaze juu ya kipande cha kadi ngumu, kiloweshe kwa tapentaini kidogo sana, na upitishe mara moja juu ya mchoro. Kadi inazuia kitambaa kuzama, hivyo nyeupe ya juu inaondoka na ya ndani inabaki. Tapentaini haiidhuru laka iliyokauka. Thina ya laka ingeifuta yote.

Kuvirudisha garini

Rangi ya akriliki hushikika baada ya saa 24, lakini haijakomaa. Harufu ikiwa bado kali unapokaribisha pua, viyeyushi bado vinatoka, na kipande kikibanwa kwa klipu wakati huo hupata alama ya kudumu. Wiki moja ni muda wa busara, zaidi kwa vinili. Tumia klipu mpya pale za zamani zilipolegea, safisha vipande vya felti (kitambaa kinene kilichogandamizwa) na sponji vinavyozuia mlio kati ya plastiki na plastiki au ubandike vipya, na uanze skrubu zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Zilizoshika plastiki ya zamani zikazwe mpaka zitulie tu.

Kwa wiki mbili au tatu za mwanzo vioo viachwe wazi kidogo gari linapoegeshwa mahali salama, kwa sababu mvuke unaobaki ndani ya rangi huweza kutua kwenye kioo cha mbele kama utando wa mafuta. Usafishaji wa kawaida uwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Ile chupa ya mafuta ya kung'arishia iliyokuwa kwenye droo ya dashibodi ulipolinunua gari isirudi humo.